Makosa Yenye Sababu: Kisa cha Filamu ya Mazombi ya Yeni Milioni 3

Juni 2018 filamu moja ya Kijapani ilianza kuonyeshwa katika kumbi mbili tu ndogo za Tokyo. Ilikuwa imegharimu takriban yeni milioni 3, kama dola 25,000 za Marekani. Waigizaji wake hawakuwa na jina, na nusu saa yake ya kwanza ilionekana kama kazi ya watu ambao bado wanajifunza. Baada ya miezi michache ilikuwa imesambaa katika kumbi zaidi ya 200, na hesabu zilipofungwa ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya milioni 2 na kuingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Yaani kila yeni moja iliyotumika ilirudi na wenzake elfu.

Tangu hapo, mtu yeyote anayetaka kutengeneza filamu fupi ya mazombi ya kuchekesha kwa pesa za kuokoteza hutajiwa One Cut of the Dead, kazi ya mwongozaji Shin'ichirō Ueda, kama ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Ushahidi ni wa kweli. Tatizo ni kinachoigwa. Wengi wanaiga shoti yake ndefu isiyokatwa: wanashika kamera, wanafukuzana na mazombi dakika kumi mfululizo, na kinachopatikana ni dakika kumi za watu wanaokimbia. Kicheko cha filamu hii hakitoki kwenye shoti hiyo, wala hakitoki kwa mazombi. Ili kuonyesha kinatoka wapi itanibidi nifichue kila kitu, kwa hiyo ambaye hajaitazama aitazame kwanza. Ni filamu ambayo ikishasimuliwa imepungua nusu ya utamu.

Mradi wenyewe ulianzia darasani. ENBU Seminar, shule ya uigizaji na filamu ya Tokyo, ilikuwa na utaratibu wa kumkabidhi mwongozaji kundi la waigizaji wasiojulikana, wafanye warsha pamoja, kisha watoke na filamu. Walishuti kwa siku nane. Lokesheni kuu ilikuwa kituo cha kusafishia maji kilichoachwa, katika mji wa Mito, mkoa wa Ibaraki: jengo lenye vyumba, ngazi, uwanja na paa, lililokwisha kuchakaa lenyewe bila kuhitaji fundi wa mapambo. Sehemu kubwa ya hadithi inafanyika hapo hapo.

Mazombi nao ni chaguo la mtu asiye na pesa. Zombi hasemi, kwa hiyo hahitaji kukariri. Nguo zake ni zilizochanika, ngozi yake ni rangi ya kupaka, na ndugu au jirani yeyote anaweza kuwa zombi kwa mchana mmoja. Hili lilijulikana tangu mwaka 1968, mwongozaji wa Marekani George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead kwa dola zipatazo 114,000. Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, basi sharubati ya chokoleti ikatosha kuwa damu. Tena filamu hiyo ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, ikaangukia mikononi mwa umma huko Marekani, na kila aliyetaka kuitumia aliitumia bila kumlipa mtu.

Lakini urahisi huo una gharama yake. Kwa kuwa zombi anapatikana bure, mtazamaji ameshamwona mara nyingi mno. Zombi anayejikokota kuelekea kamera, peke yake, hatishi tena na hachekeshi. Mwongozaji mwenye bajeti ndogo anapoandika “mazombi wanavamia” na kuamini kwamba ameshapata kichekesho, ameandika nusu tu ya ukurasa. Nusu iliyobaki ndiyo Ueda aliyoijaza.

Dakika 37 za kwanza

Filamu inafunguliwa na msichana aliyebanwa na zombi ambaye alikuwa mpenzi wake. Mwongozaji anakatiza na kumfokea: hofu hiyo ni ya kuigiza, na tukio hili limeshapigwa mara 42. Watu wanapumzika. Mpambaji wao wa nyuso, mwanamke wa makamo, anawasimulia waigizaji wawili habari za jengo lile, eti jeshi lilifanyia watu majaribio humo. Kisha mazombi wa kweli wanatokea. Mwongozaji, badala ya kukimbia, anashangilia: sasa hofu ya kweli imepatikana, kamera isizimwe.

Yote hayo yanaendelea ndani ya shoti moja, na yanaendelea vibaya. Mazungumzo yanakwama ghafla, na waigizaji wanaanza kuulizana wanapenda kufanya nini wakiwa na nafasi. Mpambaji anajibu kwamba amejifunza kujihami, na anaonyesha namna ya kujinasua ukishikwa kwa nyuma. Fundi sauti anainuka kimya kimya na kutaka kutoka nje, huko huko kwenye mazombi. Msichana anapiga kelele kwa muda uliopita kiasi huku kamera ikimkodolea. Kamera inaanguka, inalala chini ikipiga picha ya ardhi, kisha inainuliwa na kuanza kuvuta picha karibu na mbali kwa fujo ambayo mwanzo haikuwepo. Shoka linaokotwa mahali linapohitajika hasa. Shoti ya mwisho, inayotakiwa kupaa juu taratibu, inapaa ikitetemeka. Majina yanapita kwenye kioo kana kwamba filamu imekwisha.

Mtazamaji yuko pabaya hapo. Ameshacheka kidogo, lakini amewacheka wao, si pamoja nao. Wapo wanaozima. Hata hivyo angalia kwa makini ni makosa ya namna gani anayoonyeshwa. Sauti inasikika vizuri muda wote. Nyuso zinaonekana. Unajua nani yuko chumba gani na mlango uko wapi. Hakuna hata kosa moja linalomzuia mtu kuelewa kinachotokea. Makosa yote ni ya kumfanya ajiulize kwa nini kimetokea. Fundi sauti anayetoka nje bila kusema neno haonekani kama mwigizaji mbovu, anaonekana kama mtu mwenye jambo lake. Hapo ndipo waigaji wengi wanapoteleza. Wanadhani filamu hii imehalalisha uzembe, wakati uzembe wake umepimwa kwa rula. Picha yenye giza na sauti ya upepo kwenye maikrofoni havimpi mtazamaji swali lolote. Vinampa sababu ya kuondoka.

Mwezi mmoja kabla

Baada ya majina, hadithi inarudi nyuma. Yule mwongozaji mkali tunamkuta ni Higurashi, mtu mpole anayejipatia riziki kwa kutengeneza video za kuigiza matukio, naye hujinadi kwamba kazi yake ni ya haraka, ya bei nafuu, na ubora wake ni wa wastani. Chaneli mpya ya mazombi inataka tamthilia ya kuruka mubashara, kwa kamera moja, bila kukata. Anakubali. Mkewe Harumi aliwahi kuwa mwigizaji, akaacha kwa sababu akishaingia katika nafasi hatoki. Siku hizi yuko nyumbani akijifunza mbinu za kujihami. Binti yao Mao anataka kuwa mwongozaji na hana uvumilivu na kazi ya kubabaisha.

Kikosi nacho kinatambulishwa mmoja mmoja: mwigizaji mlevi, fundi mwenye tumbo lisilovumilia maji magumu, yaani yenye madini mengi, mpiga kamera mwenye mgongo mbovu, msaidizi wake anayetamani siku moja akabidhiwe kamera, msichana nyota anayekataa hili na lile kwa tabasamu, na kijana msomi anayehoji mantiki ya kila mstari wa skripti.

Sehemu hii ni ya polepole, na kuna wanaoilalamikia. Mimi naona haikuweza kufupishwa zaidi. Kila tabia inayotajwa hapa ni akiba, na karibu yote itatolewa na kutumika hadi senti ya mwisho.

Siku ya kurusha, waigizaji wawili hawatokei, wale waliopangiwa nafasi ya mwongozaji na ya mpambaji. Gari lao limepata ajali. Higurashi anaingia mwenyewe badala ya mwongozaji, na Harumi, ambaye amesoma skripti mpaka ameimeza, anakuwa mpambaji. Ndipo tunazitazama tena zile dakika 37, safari hii tukiwa nyuma ya kamera.

Sasa kila kosa linalipwa. Mazungumzo ya kujihami yalikuwa ya kuvuta muda, kwa kuwa nyuma ya pazia mambo hayakuwa tayari na kipindi kipo hewani. Zombi aliyeyumba kwa namna ya kushangaza alikuwa amelewa chakari, na watu wawili walimshikilia kwa nyuma asianguke. Fundi sauti alikunywa maji yasiyo yake, akawa na haja isiyosubiri skripti. Kamera ilipolala chini, mgongo wa mpiga kamera ulikuwa umegoma. Aliyeiinua ni yule msaidizi, ambaye kuvuta picha karibu na mbali ndiyo ndoto yake ya miaka yote. Na mpambaji aliyegeuka mwenda wazimu hakuwa anaigiza tena. Harumi alikuwa ameingia katika nafasi na kupotelea humo, na mbinu alizojifunza nyumbani anazimalizia kwa wafanyakazi wenzake.

Kicheko kinatoka wapi

Katika nusu saa hii ya mwisho hakuna mtu anayewaogopa mazombi. Wanachoogopa ni kipindi kukatika. Hofu hiyo ni ndogo ukiitazama kwa macho ya dunia, maana kipindi chenyewe hakina thamani kubwa kwa mtu yeyote, hata kwa prodyuza aliyekiagiza, ambaye ameridhika ilimradi skrini haijawa nyeusi. Lakini kwa watu walio mle ndani ni kama kufa na kupona. Jitihada kubwa kwa ajili ya jambo dogo, huku saa haisimami. Ukiwaondoa mazombi ukaweka harusi, au taarifa ya habari ya kijiji, mashine itaendelea kuzunguka. Mazombi wanaongeza kitu kimoja tu, nacho ni muhimu: wanatoa kisingizio cha watu wazima kujipaka damu na kutambaa chini wakiwa na nyuso za kazi.

La pili ni mpangilio. Tuseme Ueda angeanza na nyuma ya pazia, atuonyeshe mlevi, tumbo na mgongo, kisha atuonyeshe kipindi. Tungekuwa mbele ya hadithi muda wote, tukisubiri ajali tunazozijua. Yeye ametupa ajali kwanza na sababu baadaye, na kwa hiyo kila sababu inapofika inatuumbua kidogo. Tulimcheka yule anayetikisa kamera; kumbe ndiye aliyeiokoa. Kicheko kinabadilisha upande. Kilianza kama dharau kikaisha kama kuwashangilia, na mabadiliko hayo ndiyo yanayowafanya watu watoke ukumbini wakiwa na furaha isiyolingana na ukubwa wa hadithi.

Mahali hili linapoonekana vizuri zaidi ni ile shoti ya mwisho inayotetemeka. Kreni iliyokusudiwa kuinua kamera imeharibika. Prodyuza anasema shoti hiyo ifutwe, nani atagundua. Higurashi, mtu wa ubora wa wastani, anataka kupinga kisha ananywea. Binti yake ndiye anayekataa. Anawakusanya wote waliopo, wenye damu na wasio nayo, wapandiane migongoni kama ngazi ya watu, na juu kabisa baba anambeba binti begani naye ameshika kamera, kama alivyokuwa akimbeba utotoni. Ile picha tuliyoidharau mwanzoni kwa kutetemeka, sasa tunajua ilikuwa inatetemeka kwa sababu magoti ya watu yalikuwa yanatetemeka. Hakuna bajeti ambayo ingeinunua, kwa maana kreni nzima ingeiharibu.

Kuhusu kutokukata

Shoti ya dakika 37 ilipigwa kweli bila kukatwa, na walijaribu mara sita. Baadhi ya makosa yalikuwa kwenye skripti, mengine yalijileta. Damu iliyorukia lenzi haikupangwa, mpiga kamera akaipangusa na kuendelea, na ikaachwa ilivyo. Kwa hiyo ndani ya filamu kuna tabaka tatu za matatizo: ya kipindi cha kubuni, ya kikosi cha kubuni kinachokirusha, na ya kikosi halisi, ambacho tunakiona mwishoni kabisa majina yanapopita, kikikimbia na kamera.

Lakini mwaka 2019, katika Tuzo za Akademi ya Japani, Ueda aliondoka na tuzo ya uhariri. Inasikika kama mzaha kwa filamu inayosifiwa kwa kutokatwa, ila majaji walikuwa sahihi. Sehemu ya tatu inakatwa kila mara, kutoka kinachoonekana hewani kwenda kinachotokea pembeni na kurudi, na kila mkato unafika kabla mtazamaji hajamaliza kukumbuka ni kosa gani la mwanzo linalolipwa. Bila mikato hiyo, ile shoti ndefu ingebaki kuwa zoezi la warsha. Anayetaka kuiga kitu kutoka hapa aanze na mikato.

Mwaka 2022 mwongozaji Michel Hazanavicius wa Ufaransa aliirudia hadithi yote kwa filamu ya Coupez!, iliyofungua tamasha la Cannes. Alikuwa na waigizaji mashuhuri na pesa za kutosha, na alifuata muundo ule ule karibu hatua kwa hatua, hata akawafanya wahusika wa Kifaransa wabebe majina ya Kijapani kama sehemu ya kichekesho. Ni filamu inayochekesha. Lakini nyota anapoigiza vibaya tunajua anaigiza kuigiza vibaya, na swali lile la mwanzo, kama watu hawa wanajua wanachofanya, haliulizwi kamwe. Waigizaji wa Ueda walikuwa na kitu ambacho mwenye pesa hawezi kukikodi: hakuna aliyewajua, kwa hiyo tuliweza kuamini kwamba hawajui.

Kutokujulikana huko ndiko kulikoisambaza pia. Novemba 2017 ilionyeshwa kwa majaribio siku sita katika ukumbi wa K's Cinema, mtaa wa Shinjuku. Aprili iliyofuata ikapelekwa kwenye Tamasha la Filamu la Far East mjini Udine, Italia, na watazamaji wakaipa nafasi ya pili. Kisha kumbi mbili za Juni. Haikuwa na matangazo ya kueleweka. Aliyeitazama hakuweza kuisimulia bila kuiharibu, akabaki kumwambia mwenzake avumilie nusu saa ya kwanza asiulize. Na wengi walikuwa na sababu ya kulipa mara ya pili, waitazame ile sehemu mbovu wakijua wanachokijua.

Kuna upande usiochekesha. Ueda alikuwa amevutiwa na mchezo wa jukwaani wa Ryōichi Wada, na filamu ilipopata umaarufu, Agosti 2018, mzozo ukazuka hadharani kuhusu kiasi gani cha hadithi kilitoka huko. Waliafikiana mwaka 2019 kwamba asili ya kazi itambuliwe kuwa ya wote wawili. Watu wa filamu fupi huwa hawaandikiani chochote, kwa kuwa hakuna pesa ya kugombania. Kisa hiki kinaonyesha kwamba pesa inaweza kufika baadaye na kukuta hakuna karatasi.

Kwa dakika kumi

Je, muundo huu unaingia katika filamu fupi? Moja kwa moja, hapana. Dakika 37 kati ya 96 ni zaidi ya theluthi moja ya filamu ya kumwomba mtu uvumilivu, na katika filamu ya dakika kumi uwiano huo ni kama dakika nne. Mtu anayetazama kwenye simu hatakupa dakika nne za ubovu. Mtazamaji wa ukumbini ameshalipa na ameketi. Huyu kidole chake kiko juu ya kioo.

Kinachowezekana ni kupunguza idadi ya makosa na kuleta swali mapema. Makosa matatu yanatosha, kila moja na mtu wake mwenye haja yake, na la kwanza litokee ndani ya nusu dakika, tena liwe la ajabu kiasi kwamba haliwezi kudhaniwa kuwa bahati mbaya. Makosa yaingiliane: lililosababishwa na wa kwanza limharibie wa pili. Mlevi, tumbo na mgongo vinafanya kazi kwa Ueda kwa sababu kila kimoja kinamsukuma mwingine mahali asipotakiwa kuwa.

Ueda mwenyewe alilifanyia kazi suala la ufupi. Mei 2020, watu wa Japani wakiwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona, alirudi na kikosi kile kile kwa filamu fupi ya One Cut of the Dead Mission: Remote, iliyowekwa bure kwenye YouTube. Hawakukutana, walijirekodi kwa simu, kila mtu kwake, na hadithi ni ya Higurashi aliyepewa kazi ya kutengeneza video bila watu kukutana. Hakuna muda uliopotea kueleza kwa nini picha ni za simu na kwa nini hakuna wawili ndani ya fremu moja, maana tatizo la kikosi na tatizo la wahusika lilikuwa moja tangu sekunde ya kwanza. Yale maandalizi marefu ya sehemu ya pili hayakuhitajika, kwa kuwa mtazamaji naye alikuwa amefungiwa na alishajua kila kitu.

Kwa mwenye skripti ya mazombi mkononi, hapo ndipo pa kuanzia: kuorodhesha kile ambacho kikosi chake kinakosa kweli, si cha kubuni, na kuona ni kipi kinaweza kupewa mhusika. Kama hakuna taa, mhusika awe na sababu ya kushuti mchana. Kama mazombi ni watatu tu, mtu aliyetakiwa kuwaleta thelathini awe ndani ya hadithi akihangaika kuficha. Isipokuwa maikrofoni. Hiyo isiandikwe kwenye skripti, itafutwe.